Mafundi tunaitwa wezi, lakini hela ya kupima hamtaki kutoa

Mhariri, kamwene.

Naomba nafasi katika ukurasa wako nimjibu msomaji wa Tabata, Dar es Salaam, aliyelalamikia hapa gari lake dogo la petroli linalosumbua kuwaka. Ameeleza vizuri. Asubuhi stata inazunguka kivivu, taa za dashibodi zinafifia, mara injini inashika, mara inagoma mpaka jirani aje na waya za kubusti. Ikifika mchana gari linawaka kama halijawahi kuugua. Amebadilisha betri mara mbili, akabadilisha stata, akabadilisha plagi zote nne. Akamalizia kwamba mafundi wa mtaani ni wezi na gereji zao zifungwe.

Mimi ni mmoja wa hao. Ni fundi umeme wa magari hapa Njombe mjini, mwanamke, na gereji yangu ni turubai, meza ya chuma na kontena tunalochangia na fundi wa bodi. Sikatai kwamba wezi wapo katika kazi yetu. Wengine nawajua kwa sura. Ila katika hesabu yote ile aliyoandika, betri bei gani, stata bei gani, ufundi bei gani, sikuona mahali alipomlipa mtu apime. Hata shilingi elfu tano. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Gereji za kwetu pesa iko kwenye kufunga kitu. Mteja akifika haniulizi gari lina nini, anasema, "Dada, nitafutie betri," au "Fundi, nifungie stata ya mtumba." Ameshaamua. Ameshampigia simu shemeji yake aliyewahi kuwa na gari kama hilo, na shemeji amesema ni stata. Nikimwambia, "Kaka, ngoja kwanza nipime, kupima ni elfu kumi," ananitazama kama nimemtukana. "Elfu kumi ya nini? Mbona hujafungua hata nati moja?" Anaondoka. Huko anakokwenda anauziwa betri mpya bila kuulizwa swali, fundi anapata chake kutoka kwa mteja na kingine kidogo kutoka duka la spea, na mwenye gari anarudi nyumbani ameridhika kwa sababu akifungua boneti anaona kitu kipya kinang'aa. Sasa kama kupima hakulipwi na kufunga kunalipwa, fundi mwenye watoto atafanya kipi?

Wakulima wa viazi wa huku wamepiga kelele miaka mingi juu ya lumbesa. Hawataki gunia lenye kichwa linalokadiriwa kwa macho, wanataka mzani. Wana haki kabisa. Lakini mkulima huyohuyo akiniletea Canter lake linalogoma kuwaka, mzani wangu haoni faida yake, anataka nikadirie kwa macho.

Nirudi kwa msomaji wa Tabata, maana barua yake ina sentensi moja ambayo yeye aliipita haraka. Alisema kila betri mpya ilimpa nafuu ya muda mfupi, kisha ugonjwa ukarudi. Kwa fundi umeme sentensi hiyo ina uzito kuliko barua nzima. Betri mpya ikikupa nafuu kisha ikalegea kama ya kwanza, si rahisi betri zote mbili ziwe mbovu. Ama kuna kitu kinakunywa umeme usiku gari likiwa limelala, ama alteneta, ile mashine inayozungushwa na injini ili ijaze betri, haijazi vya kutosha mchana. Plagi hazikuwa na kesi hapo. Plagi mbovu huifanya injini ichelewe kushika au itetemeke ikishawaka, haziwezi kuifanya stata izunguke kivivu. Hata mafuta machafu hayawezi. Nasema hivyo kwa sababu gari likigoma tu, watu wanasema mafuta yamechakachuliwa. Uchakachuaji upo, na ndiyo sababu Ewura, mamlaka inayodhibiti nishati, ilianza kuweka vinasaba, yaani alama ya siri ya kutambua mafuta halali, mwaka 2010, lakini kinachozungusha stata ni betri, si tangi.

Kupima kwenyewe kunaanza hivi. Gari lilale usiku mzima. Boneti iachwe wazi kidogo tangu jioni, kama wezi wa hapo Tabata wanaruhusu, ili asubuhi usifungue mlango na kuziamsha taa za ndani. Kabla hujagusa swichi, weka mita kwenye vichwa vya betri. Betri iliyojaa inasoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.4 imebaki kama robo tatu, 12.2 ni nusu, na ikishuka kwenye 12.0 imebaki kama robo. Kisha mtu apige stata huku wewe unatazama mita. Namba itashuka, hilo ni la kawaida, lakini isishuke chini ya 9.6 au hapo karibu. Ikishuka zaidi ya hapo, betri ni dhaifu au imelala, au stata yenyewe inavuta umeme kupita kiasi. Na kama mita inabaki juu ya 11 huku stata inajikokota, betri haina kosa. Umeme upo ila haufiki, na kuna mahali njiani umebanwa.

Huo mbano unatafutwa kwa mita hiyohiyo, na hapa ndipo wengi wanaponiona nacheza. Ncha moja ya mita naiweka juu ya kichwa chenyewe cha betri, kile cha risasi, si kwenye kibano. Ncha ya pili kwenye bolti ya stata inapoingia waya mkubwa. Mtu anapiga stata. Njia ikiwa safi, mita inasoma kidogo sana. Ikizidi nusu volti, ndani ya njia hiyo kuna kutu, waya uliooza au kibano kilicholegea. Upande wa ethi nafanya vilevile, kutoka kichwa cha hasi mpaka kwenye chuma cha injini, na huko ikizidi sehemu tatu za kumi za volti natafuta sababu. Nimeshaona kibano kinachong'aa nje kabisa, ukikifungua ndani kuna unga mweupe na kijani. Dawa yake ni maji ya moto yenye magadi, brashi ya waya, kukausha na kukaza. Hakuna spea iliyonunuliwa, na mteja analalamika kwamba nimemtoza bure.

Gari likishawaka, mita irudi kwenye betri. Kwa magari mengi alteneta nzima inatoa kati ya 13.8 na 14.5. Ukiona mita inabaki kwenye 12 na kitu injini ikiwa inanguruma, alteneta haifanyi kazi, na betri yoyote utakayoweka hapo utakuwa unaiweka ife. Washa taa na feni, tazama tena. Mtu wa Dar anayekaa kwenye foleni saa nzima, kiyoyozi kimewaka, taa zimewaka, injini inazunguka polepole, anaitumia betri karibu sawa na anavyoijaza. Pia joto la pwani linazifupisha betri maisha. Watu hudhani baridi ndiyo inayoziua. Joto ndilo linalozila polepole mwaka mzima, na asubuhi moja yenye ubaridi ikifika zinakutwa hazina nguvu.

Kama alteneta ni nzima, basi tumtafute anayekunywa usiku. Kila kitu kizimwe, funguo itolewe, milango ifungwe, waya wa hasi utolewe kwenye betri na mita iwekwe katikati ikisoma ampea. Usipige stata mita ikiwa hapo, utaichoma. Subiri nusu saa au zaidi, maana kompyuta za magari ya siku hizi hazilali papo hapo. Gari lililolala vizuri linakunywa chini ya sehemu tano za mia za ampea moja. Ukikuta linakunywa ampea nzima, piga hesabu mwenyewe: saa kumi na mbili za usiku ni ampea-saa 12, na betri ya gari dogo mara nyingi ni ya 45. Zaidi ya robo imekwenda umelala. Hapo unachomoa fyuzi mojamoja mpaka namba ianguke, na ile iliyoiangusha ndiyo inayokuonyesha nyumba ya mwizi. Mara nyingi ninaowakuta ni amplifaya ya muziki iliyofungwa bila kupitia swichi, kingamwizi cha bei rahisi, au kile kifaa cha kufuatilia gari kilichoungwa kwa selotepu. Ukichomoa fyuzi zote na namba haijashuka, tazama alteneta, maana dayodi yake, kile kipande kinachoruhusu umeme upite upande mmoja tu, ikiharibika inarudisha umeme kinyumenyume usiku kucha.

Hayo ni ya Dar. Huku kwetu kuna mengine, na naomba uvumilivu kwa sababu ndiyo ninayoyajua zaidi.

Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na ukienda Makete mpaka Kitulo unapanda zaidi. Kuanzia Juni mpaka Agosti tunaamka na sakitu juu ya majani. Hewa ya huku ni nyepesi, mgandamizo wake umepungua kama moja ya tano ukilinganisha na pwani. Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Inavuta hewa, inaibana mpaka ipate moto wa kutosha kuunguza dizeli inayopuliziwa ndani. Sasa hewa ni nyepesi, ni ya baridi, chuma cha injini ni cha baridi, oili imekuwa nzito, na betri yenyewe kwenye ubaridi wa karibu na sifuri imepoteza kama theluthi ya nguvu zake. Gari lililokuwa linawaka kwa kugusa tu Mbagala likipanda huku linaonekana bovu, na mwenyewe anaanza kununua spea siku ya pili.

Lililetwa kwangu Hiace la dizeli la shule moja, lenye injini ya 3L. Walimu walikuwa wanalisukuma kila asubuhi, watoto wamesimama pembeni na masweta. Betri ilikuwa mpya. Pampu ya dizeli ilishashushwa, ikapelekwa mji mwingine kupimwa na kufunguliwa, ikarudi, na ugonjwa ukabaki palepale. Mwalimu aliyelileta akaniambia, "Mama, tumeambiwa sasa ni ringi za pistoni, injini ifunguliwe." Nikamwomba apige stata huku nimesimama nyuma. Ekzosi ikatoa moshi mweupe mzito, wenye harufu ya dizeli mbichi inayochoma macho.

Moshi ule ulishasema kitu. Stata ikizunguka na ekzosi haitoi moshi wowote, dizeli haifiki ndani: tazama filta, tazama hewa kwenye mabomba, tazama ile solenoidi ndogo juu ya pampu, vali ya umeme inayofungulia dizeli, inayotakiwa kugonga "tik" ukifungua swichi. Lakini moshi mweupe maana yake dizeli inafika, inapuliziwa, ila haiungui. Pampu iliyosafirishwa kwa gharama yote ile haikuwa na hatia. Kilichokosekana ni moto.

Injini za aina hiyo dizeli inapuliziwa kwanza kwenye chumba kidogo pembeni ya silinda, na kuta za chumba hicho zikiwa baridi zinanyonya joto lote. Kwa hiyo kila silinda ina hita plagi, mojamoja, nne kwa jumla. Nikafungua ule mshipi wa chuma unaoziunganisha, nikachukua taa ya kupimia, upande mmoja kwenye chanya ya betri, ncha kwenye kichwa cha kila plagi. Plagi nzima inapitisha umeme na taa inawaka. Iliwaka kwenye moja. Tatu zilikuwa zimekufa. Dereva akabisha: "Lakini ile taa ya koili kwenye dashibodi inawaka na kuzima kama kawaida." Taa ile, mhariri, inaendeshwa na kifaa cha kuhesabu muda. Haijui kama plagi zina moto au hazina, na itaendelea kuwaka na kuzima hata zote nne zikifa. Watu wengi sana wameiamini taa hiyo.

Hita plagi nne hazikufika hata robo ya pesa iliyokwenda kwenye pampu. Na betri zilikuwa zinakufa kwa sababu stata ilipigwa mpaka ikatoa harufu ya kuungua, kila asubuhi, Juni nzima. Ukimtazama mwenye gari anavyoeleza, betri ndiyo ugonjwa. Kumbe ilikuwa majeruhi.

Hapo niseme kidogo kuhusu wanaowasha moto wa matambara chini ya injini, au wanaoshika kitambaa kinachowaka mbele ya bomba la hewa. Nimeona malori yakiwashwa hivyo na nimeona moja likiungua waya zote. Zile dawa za kupuliza nazo, kwenye injini yenye hita plagi zinaweza kulipuka ndani ya bomba la hewa na kuvunja ringi. Badilisha plagi, weka oili ya 15W-40 badala ya ile nzito ya 40 uliyotoka nayo pwani, ulale.

Canter la viazi nililolitaja lilikuwa na ugonjwa wa aina nyingine. Asubuhi mpaka lipampuliwe kwa mkono kwenye filta, ndipo linawaka, na likishawaka linafanya kazi mpaka jioni bila tatizo. Tajiri alikuwa ameshakubali kununua nozeli zote, zile zinazopulizia dizeli kwenye injini. Mimi nikamuuliza utingo, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anapampu na kuganda vidole. Akanijibu bila kufikiri: "Tukililaza kwenye mteremko limeinamisha kichwa, asubuhi linawaka lenyewe. Likilala limeinua kichwa, ndiyo shida." Tajiri hakuwahi kumuuliza. Gari likiinama mbele, tangi linakuwa juu ya injini, dizeli inakaa kwenye bomba. Likiinua kichwa, dizeli yote inarudi tangini kama kuna tundu la kuingiza hewa. Nikafunga kipande cha mpira unaoonyesha ndani kabla ya filta, tukawasha, na mapovu yakaonekana yanapita moja baada ya jingine. Tundu lilikuwa chini ya kibano cha mpira karibu na tangi, ufa mdogo wa uzee. Dizeli haikuwa inadondoka, kwa sababu upande ule unavuta, hausukumi: hewa inaingia kabla dizeli haijatoka. Ndiyo maana aliyetafuta ulowevu kwa macho hakuona kitu. Nikakata ncha iliyochoka, nikarudisha kibano. Tajiri akauliza kwa hiyo nozeli nizirudishe dukani? Nikamwambia, baba, hiyo ni kati yako na duka.

Land Cruiser la mzee mmoja wa Makete nalo lilikuwa linasema "tak" mara moja tu, basi. Akiteremka na kuigonga stata kwa spana, linawaka. Ameshaambiwa stata imekufa anunue nzima. "Shikamoo mzee, washa taa kubwa, halafu piga stata." Taa hazikufifia hata kidogo. Taa zingezimika kabisa ningeenda kwenye betri na vibano. Zikififia na stata ikazunguka kwa shida, umeme unavutwa lakini hautoshi. Hizi zilibaki vilevile, maana yake ule umeme mkubwa haukuvutwa kabisa. Kwenye stata za Denso, ambazo ndizo zimejaa kwenye Toyota, ndani ya solenoidi, ile swichi kubwa ya sumaku iliyo juu ya stata, kuna vipande viwili vya kopa na sahani inayokuja kuviunganisha. Kila ukiwasha vinaliwa na cheche, hasa kimoja, mpaka sahani inafika na haigusi. Unasikia "tak" ya sahani kufika. Spana inaitikisa tu igusane. Unabadilisha kopa, unasafisha sahani au kuibadilisha, stata inaendelea miaka. Mzee alihesabu pesa aliyotaka kununulia stata, akaikunja akairudisha mfukoni, na hela yangu ya kupima alinilipa bila neno. Sikumsahau kwa hilo.

Kwa magari ya gia otomatiki kuna kitu ambacho mwenye gari anaweza kujaribu bila fundi wala mita: stata ikikataa kabisa gia ikiwa kwenye P, peleka N, shika breki, ujaribu tena. Ikizunguka kwenye N, tatizo ni swichi ya gia au marekebisho yake.

Wengine wataniambia hayo ni ya zamani, siku hizi kuna mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Ninayo, na naitumia. Lakini haisomi kutu kwenye kibano, na namba inayotoa si jina la spea. P0335, kwa mfano, inasema kuna hitilafu kwenye mzunguko wa umeme wa sensa ya krenki, ile inayoiambia kompyuta injini inazunguka vipi. Mzunguko una sensa, una waya, una plagi ya kuunganishia. IST moja ilifungwa sensa mpya kwa namba hiyo, haikuwaka. Ikafungwa nyingine, haikuwaka. Panya walikuwa wameutafuna waya sentimita chache kutoka kwenye sensa, wakati wa mavuno gari lililala ghalani pamoja na mahindi. Aliyesoma mashine alisoma sawasawa. Hakupima waya.

Sasa kwa mafundi wenzangu, maana nisije nikaonekana nawatetea. Wako wanaopima betri kwa kugusisha waya kwenye vichwa vyote viwili waone ukubwa wa cheche. Betri inatoa haidrojeni inapochaji, na nimeona uso wa mtu ulivyokuwa baada ya betri kupasuka. Wako pia wanaochomoa kibano cha betri injini ikiwa inanguruma, eti ikiendelea kunguruma alteneta ni nzima. Kipimo hicho kilikuwa cha magari ya babu. Kwa gari lenye kompyuta, ukichomoa betri volti zinaruka juu ghafla na zinaweza kuunguza dayodi za alteneta au kompyuta yenyewe, na hapo umemtengenezea mteja ugonjwa aliokuja hana. Fundi akikufanyia hivyo mbele yako, chukua funguo yako. VETA tulifundishwa kutumia mita kabla ya kushika spana, na mita ya bei nafuu ya Kariakoo inatosha kwa vipimo vyote nilivyovitaja hapa. Asiyekuwa nayo anakisia kwa pesa yako.

Mimi nimeandika bei ya kupima kwenye kipande cha bati, nimekitundika kwenye kontena. Namba nilizozisoma naziandika kwenye karatasi, za kabla na za baada ya kazi, na mteja anaondoka nayo hata kama kazi ataipeleka kwa mwingine. Kazi ikibaki kwangu, hela ya kupima naikata kwenye malipo. Kifaa cha zamani namrudishia mkononi. Fundi wa bodi hunicheka, anasema nawafukuzia wateja kwa mwenzangu wa ng'ambo ya barabara, na kwa kiasi fulani ni kweli. Ningependa gereji nyingine zitundike bati kama hilo, ili mteja asiwe na pa kukimbilia. Na wenye magari, hasa shule, parokia na halmashauri zinazonunua spea kwa risiti, wawe wanadai hiyo karatasi ya namba kabla ya kuidhinisha ununuzi.

Namwomba msomaji wa Tabata asinunue kitu chochote wiki hii. Apime betri asubuhi kabla ya kuwasha, apime wakati stata inazunguka, apime injini ikinguruma taa zikiwa zimewaka, halafu apime inakunywa kiasi gani ikiwa imelala. Hicho cha mwisho amwite fundi mwenye mita, amlipe. Namba hizo nne aziandike katika ukurasa huu, nami nitamjibu hapahapa, bila malipo, nadhani ugonjwa uko wapi. Na ile stata yake ya zamani, kama fundi hajaiuza bado, aidai.

Fundi umeme wa magari,
Njombe.